Viti Viwili Katika Chumba cha Chini

Binti wa Sina alinipigia simu mwezi uliopita nikiwa nasubiri treni pale Tumba. Kwa Kiswidi chake cha upole akaniambia mama yake amefariki, usingizini, na kwamba wanaandaa maonyesho ya picha zake zote. Alitaka ruhusa yangu. "Ile yako na pacha wako," akasema. "Mama aliipenda kuliko zote." Nikampa pole, nikampa na ruhusa. Treni ikaja, nikaiacha ikaenda, na iliyofuata nayo nikaiacha. Wasafiri walinipita wakamwona mama mtu mzima ameduwaa na mfuko wa viazi mkononi. Nilikuwa nimekumbuka kwamba hapa duniani tulikuwa wawili tunaojua nilichomtendea dada yangu, na sasa nimebaki peke yangu. Watu husema siri ni mzigo. Sawa, lakini mzigo unaobebwa na wawili unaweza hata kuusahau njiani; mwenzako akiuachia ndipo mgongo unapokukumbusha. Ndiyo maana naandika habari za mwaka 2008. Mambo ya ukoo wangu na nchi niliyotoka wataandika wengine wenye subira kuliko mimi. Mimi nautaka mwaka ule tu, na vyumba viwili, kimoja Spånga na kingine Alby, vitongoji vya jiji la Stockholm.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na kazi yangu ilikuwa kuhudumia wazee majumbani mwao. Asubuhi nilitoka Alby kwa treni ya chini ya ardhi, nikabadilisha mjini, nikafika Spånga na orodha ya wazee sita mkononi. Wa nne alikuwa Gunvor, mjane wa miaka themanini na tisa, mwenye nyumba ya mbao ya rangi ya njano na ulimi usiolala. Nilimpashia chakula cha mchana, nikampa vidonge vyake, nikasikiliza malalamiko yake kuhusu mpangaji wa chumba cha chini. "Anaunguza vitunguu saa nne asubuhi," Gunvor alisema. "Tena anaongea na ukuta." Nilidhani ni uzee tu unaosema. Siku moja akanituma nishuke nikamwambie mpangaji afungue madirisha, maana harufu kama ya siki ilikuwa imepanda mpaka jikoni. Nikashuka ngazi na aproni yangu, nikabisha. Aliyefungua ni mwanamke mrefu, mpana wa mabega, wa rangi ya kahawia, nywele nyeusi kazifunga utosini. Alinitazama usoni kwa muda mrefu kuliko adabu ya Uswidi inavyoruhusu, kisha akasema, "Umekula?" Tangu niingie nchi hii hakuna mtu baki aliyewahi kuniuliza swali hilo. Nilikuwa na dakika kumi na mbili kabla ya mzee wa tano. Nikasema sijala.

Sina alizaliwa Samoa, visiwa vilivyo mbali kabisa katika bahari ya Pasifiki, akalelewa New Zealand, akamfuata mwanamume wa Kiswidi mpaka Stockholm. Mwanamume akaenda zake, Sina akabaki na binti mmoja na kamera. Alikuwa akisema Wasamoa wa Stockholm wakikutana wote wanaingia kwenye lifti moja, na nafasi ya baiskeli inabaki. Kiswidi chake kilikuwa kibovu na changu hakikuwa kizima, kwa hiyo tulielewana vizuri. Chakula chake cha kawaida kilikuwa nyama ya kopo iliyokaangwa kwa vitunguu, wali, na tui la nazi juu yake, na kililiwa kwenye mkeka sakafuni, maana kwake kula umesimama ni kujitukana. Nilipoona hivyo nikamletea magimbi kutoka duka la Mkongomani mmoja pale Alby. Aliyashika yale magimbi, akayanusa udongo wake, akalia bila aibu, na mimi nikakaa kitako nikijiuliza ni mtu wa namna gani huyu anayelilia magimbi. Halafu nikamwona anainuka kwenda jiko lake dogo, na alipofika kwenye ukuta wa kushoto akainamisha mgongo, akashusha mkono mmoja chini na kusema kwa sauti ndogo, "Tulou." Ndiyo kusema samahani, napita mbele yenu. Kwao hupiti mbele ya watu waliokaa bila kuinama. Ukutani palikuwa na picha moja tu.

Ilikuwa picha ya mwanamke wa miaka thelathini hivi, ameketi kitini, mabega wazi, shanga za mbegu shingoni, anaitazama kamera kama anayeisubiri imalize upuuzi wake. Sina aliikuta kwenye ghala la vitu vya kale mjini, imepigwa juu ya kioo kama zilivyopigwa zamani, naye akapewa nakala; kadi ya ile ya kioo ilisema: Mwanamke, Samoa. Jina hakuna. Lakini katika ukoo wa Sina ilijulikana kwamba mama wa bibi yake alichukuliwa pamoja na kikundi kuja Ulaya, kucheza ngoma mbele ya Wazungu waliokuja kuwatazama, na hakurudi. "Ndiye huyu," Sina aliniambia. "Tazama kidevu chake, kisha tazama changu." Alikuwa ameshawapigia simu shangazi zake huko Samoa, nao wakatoa mkeka wa ukoo, ule mwororo kama kitambaa unaosukwa kwa miaka na kutolewa kwenye harusi na misiba, wakautandaza sebuleni kumpokea mama yao aliyepotea. Mkeka mwingine wakamtumia Sina kwa posta. Yeye alikuwa akimpiga yule mwanamke picha upya: nusu ya filamu anaiziba, kwenye nusu nyingine anapiga ile picha ya zamani, kisha anaketi mwenyewe mbele ya pazia jeusi na kuifungua nusu iliyozibwa. Picha ikitoka wamekaa wote wawili, mtu na mama wa bibi yake, kwenye viti viwili vinavyofanana. "Kwetu," alisema, "katikati ya watu wawili si patupu. Pana kitu, na kitu hicho lazima kitunzwe." Mimi nilitazama ile nafasi katikati ya viti na nikahisi ubaridi shingoni, kwa sababu nilikuwa nimekaa nayo miaka kumi na mitatu.

Kule Alby mama yangu aliitwa Mama Bukuru. Ndivyo ilivyo kwetu Burundi, mzazi huitwa kwa mtoto wake wa kwanza, na mapacha wana majina yao tangu zamani: anayetangulia ni Bukuru, anayefuata ni Butoyi. Mimi ni Butoyi. Watu wote wa jengo letu walimwita mama yangu kwa jina la mtoto ambaye hawakumwona hata siku moja. Na mama alishika kanuni ya mapacha, kwamba akipewa mmoja na mwenzake apewe. Aliponinunulia koti la baridi alinunua mawili. Upande wa kushoto wa kabati ulikuwa wangu. Upande wa kulia zilining'inia nguo za Bukuru, bado na karatasi za dukani. Kila mwaka alinipima mimi ili ajue saizi yake. "Naye sasa ni mrefu hivi," alikuwa akisema, kiganja chake juu ya utosi wangu. Jioni alipakua sahani tatu. Ya tatu aliifunika na sahani nyingine, na asubuhi, kwa kuwa chakula hakitupwi, alinipa mimi. Nilikula chakula cha dada yangu karibu kila asubuhi ya ujana wangu, na nikinenepa mama alifurahi kwa niaba ya sote wawili. Ndugu wa kanisani walimshauri akae msiba, amlilie mtoto, roho ipoe. Aliwajibu, "Butoyi alimwona akipanda lori. Mtu aliyepanda lori anateremka mahali." Na hayo ya lori niliyasema mimi, nikiwa na miaka tisa, siku mama aliponipata kambini.

Sina ndiye aliyenikamata. Nilikuwa nakula kwake mara kwa mara sasa, siku zangu za mapumziko nikimsaidia kushika taa na kusuuza picha kwenye chumba cha kufulia alichokigeuza kuwa chumba cha giza, kilichonuka siki kwa zile dawa za picha. Siku moja alinikalisha kwenye kiti ili apime mwanga, akanichungulia, akatoka chini ya kile kitambaa cheusi cha kamera. "Kwa nini unakaa nusu ya kiti?" akauliza. "Hata kwenye mkeka unakaa ukingoni. Unamwachia nani?" Nikajibu ni mazoea. Akavuta kiti cha pili, akakaa, akasubiri. Sijui kwa nini nilisema. Labda kwa sababu alikuwa mgeni kwangu kabisa, hana anayemjua Alby wala Tumba, na hata nikimwambia yote kwa Kiswidi changu kisicho kizima asingepeleka neno popote. Nikamweleza kwamba tulipotezana na mama siku ya pili ya kukimbia vita, tukafuata kundi la majirani kuelekea mpaka wa Tanzania. Bukuru akashikwa na tumbo la kuhara. Siku ya tatu hakuweza kusimama. Wakubwa wakamlaza ndani ya darasa la shule iliyoachwa, wao wakapumzika nje. Akaniambia, "Butoyi, maji." Nikatoka na kikombe. Chemchemi ilikuwa bondeni. Nilipopanda nayo maji nikaona kundi limeshaondoka, wa mwisho wanaishia kwenye miti ya mikaratusi. Nikasimama na kikombe changu katikati ya uwanja wa shule. Bukuru aliniita. Hakuita kwa nguvu, aliniita kama mtu anayemwita aliye chumba cha pili. Nikayanywa yale maji, nikawakimbilia wale watu.

Sina hakunikumbatia, na ninamshukuru kwa hilo. Aliweka mikono magotini. Kisha akasema kwao makaburi yako mbele ya nyumba, unayapita ukienda dukani, watoto wanaanika nguo juu yake, hakuna anayeogopa. "Wako bado yuko njiani," akasema. "Mwingize nyumbani. Nitawapiga picha wewe na yeye. Mpelekee mama yako, na ukimkabidhi umwambie yote, kama ulivyoniambia mimi." Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano yetu. Alifikiri kama Msamoa: picha ya marehemu ikishaingia sebuleni, marehemu amefika, watu wanalia, wanakula, wanalala. Mimi nilipaswa kufikiri kama Mrundi, tena kama mtoto wa mama yangu, nikaacha kufikiri kabisa kwa sababu nilitamani sana kumwona dada yangu.

Nilitoa gauni moja upande wa kulia wa kabati, la kijani lenye ukosi mweupe, nikalikunja ndani ya mfuko wa kazi. Sina alitundika pazia jeusi na kupanga viti. Kwanza nikakaa cha kushoto na nguo zangu, nywele wazi, mkono wa kulia nimeunyosha hewani mahali alipopapima kwa uzi. Nikahesabu mpaka nane bila kupepesa. Halafu nikaenda nyuma ya pazia, nikavaa gauni la Bukuru, nikakata karatasi ya dukani kwa meno, nikafunga kitambaa kichwani, nikaja kukaa kiti cha kulia, mkono wa kushoto nimeunyosha pale pale penye uzi. Nilidhani nitajisikia mjinga. Badala yake nilihisi kwamba kile kiti cha kushoto nilichotoka sasa hivi kina mtu. Bega langu la upande ule lilikuwa na joto kama la mtu aliyelala karibu. Nikataka kugeuka. Sina, kichwa chake kikiwa ndani ya kitambaa cheusi, akasema taratibu, "Usimtazame. Atasogea." Nikatazama mbele. Mpaka leo sijui kama alisema vile kwa ajili ya filamu au kwa ajili ya kitu alichokiona. Picha ilipotoka kwenye beseni tulikuwa wawili. Mikono haikukutana sawasawa: vidole vya mmoja vilipita ndani ya vya mwenzake, na mbao za kiti zikaonekana kupitia nyama. Lakini nyuso zilikuwa safi. Yule mwenye gauni alionekana amepumzika, mimi nikaonekana ninasubiri kuitwa.

Nilimpelekea mama Jumapili mchana. Alikuwa anachambua maharage, sinia magotini. Nilikuwa nimefanyia mazoezi sentensi zangu njia nzima ndani ya treni. Nikamkabidhi bahasha kwa mikono miwili, naye akaipokea kwa mikono miwili, akafikiri ni barua ya ofisi fulani. Akachomoa. Sinia likaanguka. "Yooo! Mana yanje!" Mungu wangu, alipiga kelele kwa Kirundi mpaka jirani akagonga ukuta. "Umemwona! Butoyi, umemwona!" Kabla sijafungua mdomo akakimbilia chumbani, nikasikia mlango wa kabati. Akarudi na kitundikio kitupu mkononi. "Umempelekea na gauni lake," akasema, na machozi yalikuwa yanamtiririka akicheka. "Limemkaa! Si nilisema? Mrefu kama weye!" Maharage yalikuwa yanavingirika sakafuni. "Yuko wapi? Sema, mtoto wangu, yuko wapi?" Nilikuwa na sentensi zangu tayari, nazo zilikuwa kweli tupu. Nikasema, "Bado anashughulikia karatasi, Mama." Katika Stockholm ya watu wetu hakuna jibu lililo kamili kama hilo. Hakuna anayeuliza zaidi. Kila mtu amewahi kusubiri karatasi za kuruhusiwa kuingia nchi. Mama akapiga magoti akaanza kuokota maharage, akiimba.

Miezi miwili iliyofuata nilimwona mama yangu mrembo kama sijawahi kumwona. Aliipeleka picha kanisani kwetu Tumba, akatoa ushuhuda, na picha ikapita safu kwa safu. "Merci Seigneur! Asante Bwana!" akalia mama mmoja wa Bukavu. "Mutu alikuwa amepotea, na tazama, na kanzu muzuri!" Hakuna hata mmoja aliyeitazama mikono. Mama akanunua kitanda na godoro, akakitandika chumbani kwangu, nikawa nalala mita moja na kitanda kilichotandikwa shuka mpya. Aliacha kunipima mimi. Aliacha hata kunipa ile sahani ya asubuhi. Alisema tuanze kumwachia mwenyewe chakula chake. Kwenye ngazi za jengo watu walinisimamisha: "Anakuja lini?" Wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu ilikuwa inarefuka kila siku na mama yangu akiitembea mbele yangu kwa furaha. Nilianza kuogopa kuingia chumbani. Si kwamba niliona kitu. Ila nikizima taa nilijikuta nimelala ukingoni kabisa mwa kitanda changu mwenyewe, nimeacha nafasi. Nilipomweleza Sina alikasirika, mara ya pekee aliyonikasirikia. "Nilikupa picha umzike," akasema. "Wewe umempa mama yako mgeni wa kusubiri."

Wiki ile ile barua ikaja kutoka kwa watu wa ghala. Walikuwa wamesafisha kile kioo, wakakuta tarehe imekwaruzwa pembeni. Picha ilipigwa miaka kadhaa kabla mama wa bibi yake Sina hajazaliwa. Nilikuwepo aliposoma. Akaikunja barua, akaenda kwenye ule ukuta, akainama vile vile kama siku zote na kumwomba radhi yule mwanamke asiye na jina. Halafu akautoa mkeka wa ukoo kwenye sanduku. Akanieleza kwamba kwao mtu aliyewakosea wengine kosa kubwa huenda mbele ya nyumba yao, hupiga magoti na kujifunika mkeka kama huo, wala haondoki. Walio ndani wakiamua watakuja kumfunua. Wakiamua vingine, atabaki pale juani. "Shangazi zangu wamempokea mtu asiye wao mbele ya kijiji kizima," akasema. "Nimewaaibisha." Akawapigia shangazi zake, akaweka simu sakafuni, akafungua spika, akapiga magoti kwenye saruji ile ya chumba cha chini, akajifunika gubigubi. Mwanamke mpana kama yeye akawa furushi dogo la mkeka linaloongea. Sikuelewa neno, ila nilisikia sauti yake inavyoshuka. Alipomaliza hakujifunua. Kisha shangazi mmoja upande wa pili akasema maneno machache. Sina akafunua uso, umelowa. "Anasema niinuke," akaniambia. "Anasema sakafu za huko ni baridi, nitaumwa magoti. Na huyo mwanamke wataendelea kumwombea, maana hana watu." Akanisogezea ule mkeka. Nikakataa. Ulikuwa wa ukoo wake, na kosa langu lilikuwa la kwetu.

Kesho yake niliomba ruhusa kazini. Mama alikuwa sebuleni anakunja nguo. Nilichukua kitenge chake kutoka kwenye rundo, nikapiga magoti juu ya zulia, nikajifunika kichwa na mwili. Mama akacheka. "Butoyi, unacheza mchezo gani?" Nikasema, "Mama, usinifunue mpaka nimalize." Hapo akaacha kukunja nguo. Nikaanza na picha: kwamba wote wawili ni mimi, kwamba gauni nililivaa mimi, kwamba aitazame mikono. Nikasema hakukuwa na lori. Nikasema kuhara, nikasema darasa, nikasema aliomba maji na mimi nikatoka na kikombe. Ndani ya kitenge palikuwa na harufu ya sabuni na giza jekundu, na pumzi yangu mwenyewe. Nikafika kwenye uwanja wa shule, nimesimama na maji yangu, na hapo nikakomea. Nilisikia mama anakaa chini.  Halafu akauliza, kwa sauti ambayo sikuijua, ndogo kama ya msichana:

"Na yale maji, ulimpelekea?"

Alikuwa ameshapoteza mtoto niliyemrudishia mimi. Alikuwa anauliza kitu kimoja tu, na nilielewa kwamba ndicho alichokuwa akikiuliza kwa miaka kumi na mitatu alipofunika ile sahani ya tatu.

"Nilimpelekea, Mama."

"Akanywa?"

"Akanywa."

"Ukakaa naye?"

"Nilikaa."

"Mpaka lini?"

"Mpaka aliponyamaza."

Kitenge kikainuka upande mmoja. Hakunifunua, aliingia ndani, akapiga magoti karibu yangu, tukawa wawili katika lile giza. Akanishika mkono wa kulia. "Ni huu?" akauliza. "Ulioshika kikombe?" Nikasema ndio. Akauweka mkono ule kwenye shavu lake, na hapo mama yangu, ambaye hakuwahi kumlilia Bukuru hata mara moja, akalia kwa sauti mpaka kuta za Alby zikajua.

Siku iliyofuata nilimwambia Sina neno nililomjibu mama, kwamba Bukuru alikunywa. Nilitaka aniambie ni sawa, au aniambie niende nikaanze upya. Hakusema moja wala lingine. Aliniuliza, "Na wewe utaweza kukaa nalo?" Nikasema sijui. Akasema basi na yeye atakaa nalo, akanipakulia chakula. 

Msiba ulikaliwa nyumbani kwetu. Kwa desturi watu huondoa msiba mara mbili, mwanzo baada ya siku chache na mwisho baada ya kama mwaka, lakini mama alisema ameshasubiri vya kutosha, tufanye yote siku moja. Walikuja mpaka wakajaa kwenye ngazi, Warundi na Wanyarwanda na Wakongomani, na mama wa Kiganda wa ghorofa ya pili aliyeleta ndizi. Waliokuwa wametoa sadaka ya shukrani kwa ajili ya picha walikaa mstari ule ule, hakuna aliyetucheka. Nguo za upande wa kulia wa kabati ziligawiwa wasichana wa kanisani. Mzee mmoja akatoa maneno, akaeleza ukoo, akamwombea marehemu. Kisha akauliza kama mzazi ana neno. Mama akasimama. Alikuwa amekonda ghafla, lakini amesimama wima. "Mimi niliogopa kitu kimoja," akasema. "Sikuogopa kwamba amekufa. Watu wanakufa. Niliogopa kwamba alikufa peke yake, anaita na hakuna wa kumjibu. Sasa najua. Alipewa maji. Huyu mdogo wake alimpa maji, akiwa na miaka tisa, akakaa naye mpaka mwisho. Naomba mumshukuru, kwa sababu mimi sikuwepo."

Wakainuka. Wakaja mmoja mmoja, wazee mbele, kunishika mkono wa kulia kwa mikono yao miwili, wakisema asante, asante mtoto, Mungu akulipe. Niliupokea kila mkono. Mama alikuwa amesimama pembeni yangu akitazama, na usoni mwake palikuwa na utulivu ambao ulikaa naye mpaka alipokufa miaka tisa baadaye. Wa mwisho katika mstari alikuwa Sina, amevaa nyeusi. Aliushika mkono wangu kwa muda mrefu kuliko wote, na hakusema asante.